Chumvi ya Barabarani na Kutu ya Magari

Watu wa Kiambere, katika nchi ya Mbeere, wanawajua vizuri maadui wawili wa barabara zao: vumbi wakati wa kiangazi na matope mvua inyeshapo. Barafu hawaijui, ila ile ya kilele cha Kirinyaga. Hata hivyo, yuko adui wa tatu atokaye nchi za baridi, naye huja amejificha chini ya motokaa.

Katika Uingereza, na kaskazini ya Japani, maji ya barabarani huganda wakati wa baridi kuu, na magari huteleza kama yapitayo juu ya sabuni. Basi barabara hunyunyiziwa chumvi, ile ile tutiayo katika mboga, ila haikusafishwa. Huko Winsford, Uingereza, huchimbwa chini kabisa ya ardhi. Maji matupu huganda penye digrii 0, lakini yenye chumvi hayagandi mpaka baridi izidi zaidi.

Watu wengi huokoka kwa kazi hiyo. Lakini chumvi haiozi. Barafu ikiyeyuka huingia mitoni na visimani, na miti ya kando ya barabara hukauka majani. Tena magurudumu huirusha chini ya gari, ikajificha katika mikunjo ya bati. Chuma kilicholowa maji ya chumvi hushika kutu upesi. Waulize watu wa Mombasa habari za mabati ya nyumba zao.

Na Mombasa ndiko magari hayo yateremshwako. Sheria ya Kenya haikubali motokaa kuukuu iliyozidi miaka 8, lakini miaka hiyo yatosha kwa kutu kufanya kazi yake. Mnunuzi asidanganywe na rangi ing'aayo. Gari lipelekwe kwenye gereji yenye shimo, fundi atazame kutoka chini: paipu za breki, chasi, na matao ya magurudumu. Agonge kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hubomoka. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi huko chini yafaa kutiliwa shaka.

Paipu iliyoliwa na kutu yaweza kupasuka wakati ule ule dereva akanyagapo breki kwa nguvu, pengine katika mteremko wa kushukia Mto Tana, gari limejaa watu na magunia. Paipu hubadilishwa kwa urahisi. Chasi iliyooza ni habari nyingine, nayo yatosha mnunuzi kurudi na fedha zake mfukoni.