Bibi wa Wajukuu 23 na Njia ya Kilomita 3,500

Akina mama wengi tukisikia habari ya mtu kutembea kilomita 3,500 kwa hiari yake, tunacheka. Tumechota maji, tumekwenda shambani na mtoto mgongoni. Miguu yetu imekwisha kutembea vya kutosha! Lakini huko Marekani ipo njia ya namna hiyo, iitwayo Appalachian Trail, na mmoja wa waliovuma sana kwa kuitembea ni mama aliyezaa watoto 11.

Njia hiyo hupita katika milima ya mashariki, kutoka Georgia kusini hadi Mlima Katahdin jimboni Maine, ikikatiza majimbo 14. Ilikamilika mwaka 1937, na mwaka 1968 sheria ikaifanya mojawapo ya njia mbili za kwanza za taifa za mandhari. Sehemu kubwa ni kijia cha msituni, na msafiri hufuata alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti na mawe.

Mama huyo ni Emma Gatewood wa Ohio. Kwa miaka zaidi ya 30 aliishi na mume aliyempiga vibaya, hata wakaachana. Watoto walipokwisha kujitegemea, alisoma habari za njia hiyo katika jarida la National Geographic. Mwaka 1954 alianzia Maine. Akapotea, miwani yake ikavunjika, na askari wa hifadhi wakamshauri arudi nyumbani. Akarudi. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 67 na wajukuu 23, alianzia Georgia mwezi Mei, akafika kilele cha Katahdin Septemba 25, baada ya siku 146. Ndiye mwanamke wa kwanza kuitembea yote peke yake katika msimu mmoja.

Watu humsifu kwa raba zake na mfuko alioushona mwenyewe, wenye blanketi, koti la mvua na pazia la plastiki la bafuni badala ya hema. Sisi wauguzi tunamsifu zaidi kwa kukubali kurudi mwaka 1954. Jambo moja hatulisifu: watoto wake hawakujua amekwenda wapi. Mama anayepanga safari hii leo aache nyumbani karatasi yenye tarehe, majina ya miji atakayopitia, na siku ambayo asiposikika, atafutwe.

Mzigo ndio unaowashinda wengi. Mfuko wa Bibi Gatewood haukuzidi sana kilo 9. Chakula cha siku tatu hadi tano kinatosha, kwa kuwa mara kwa mara njia hukaribia miji yenye maduka. Usiku chakula kihifadhiwe mbali na hema, kwa sababu ya dubu. Nguo za pamba zisitegemewe kwenye baridi. Zikilowa hukauka polepole na mwili hupoteza joto, hata kama mvua si kubwa.

Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu kama kioo, yachemshwe au yachujwe kwa chujio maalumu. Tena mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Dawa ya kupaka mikononi haiviwezi vizuri virusi vya noro, ambavyo huwatapisha na kuwaharisha wasafiri wanaolala pamoja kwenye vibanda vya njiani. Kila jioni mwili ukaguliwe kwapani, kinenani na nyuma ya magoti, kwa maana kupe wa huko huambukiza ugonjwa wa Lyme. Doa jekundu linalotanuka, au homa baada ya kuumwa na kupe, ni sababu ya kutafuta daktari mara moja. Dawa za antibayotiki huutibu vizuri ukiwahiwa. Malengelenge nayo yasisubiri jioni. Mguu ukianza kuchoma, keti, vua kiatu, funika mahali pale kwa plasta.

Halafu kalenda. Wengi huanza Georgia Machi au Aprili na huchukua miezi mitano hadi saba, nao hushauriwa wafike Katahdin kabla ya katikati ya Oktoba, maana theluji huwahi kule. Aonaye kwamba atachelewa anaweza kupanda basi hadi Maine, akapanda Katahdin kwanza, kisha akashuka kusini hadi pale alipoiachia njia. Akiunganisha vipande vyote, huhesabiwa kuwa ameimaliza.