Doa la mawese si aibu ya mfanyakazi



Ukipita Rumonge saa za jioni, watu wanaporudi kutoka kwenye michikichi na mashine za kukamulia, huna haja ya kuuliza nani anafanya kazi wapi. Nguo zinasema. Mkata mikungu ana doa begani. Mkamuaji ana doa kifuani na mapajani, la rangi ya machungwa. Fundi wa mashine ana grisi nyeusi mikononi mpaka viwiko. Watoto wetu wanatutambua kwa madoa hayo kabla hawajatuona uso.

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Mawese ya Rumonge hupakiwa kwenye magari, yakaenda Bujumbura, mwendo wa kilomita 75 hivi, na sehemu yake hugeuzwa sabuni. Sisi ndio tunaotoa mafuta ya sabuni, lakini nyumbani kwetu kipande cha sabuni kinakatwa vipande vinne kitoshe juma zima. Leo nitaeleza kwanza jinsi ya kuliondoa doa, kisha tuulizane nani alipe gharama.

Kwa nini doa halitoki

Wengi wetu tunafua ziwani. Maji ya Tanganyika juu juu yana joto la digrii 25 hivi. Mawese yanahitaji digrii kama 35 ili yayeyuke yote. Kwa hiyo ukitumbukiza shati ziwani, mafuta yanaganda ndani ya nyuzi za pamba. Unasugua mpaka vidole vinauma, na doa linakutazama tu. Tena maji ya ziwa yana madini mengi, hasa ya magnesi, ambayo hushikana na sabuni yakatoa utando mweupe badala ya povu. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Mwenye bati na pipa ayakinge.

Doa la mawese lina mambo mawili: mafuta na rangi. Rangi ile nyekundu ni karotini, ileile iliyomo ndani ya karoti. Mafuta hutolewa kwa joto na sabuni. Rangi hutolewa na jua. Ukianza na jua kabla ya kutoa mafuta, umekosea njia.

Namna ya kufua

1. Fua jioni ileile. Usingoje Jumapili. Mafuta yakikaa siku nyingi hubadilika kwa hewa, yakashika kitambaa kama gundi.

2. Kwangua mafuta yaliyo juu kwa kijiti au mgongo wa kisu. Nyunyiza jivu kavu lililochekechwa, acha robo saa linyonye, kisha kung'uta. Usitumie unga, huo ni chakula.

3. Lowesha doa kwa maji ya moto kidogo, paka sabuni ya kipande mpaka doa lifunikwe, acha nusu saa. Usiwe na haraka, acha sabuni ifanye kazi yake.

4. Mwaga maji ya moto, moto kuliko mkono unavyoweza kuvumilia, ukoroge kwa mti. Nguo nyeupe ya pamba unaweza kuichemsha dakika 20 pamoja na sabuni iliyokwanguliwa. Ukiwa na magadi, ongeza kijiko. Kama huna, maji ya jivu yaliyochujwa husaidia, lakini yanakula ngozi, usiyatie mkono. Pamba huvumilia magadi na maji ya jivu. Sufi na hariri haziyawezi, na kitenge kinaweza kupoteza rangi.

5. Suuza kwanza kwa maji ya moto, ndipo kwa maji baridi. Ukikimbilia baridi, mafuta yaliyotoka yanarudi na kuganda.

6. Anika juani nguo ikiwa bado mbichi. Umanjano uliobaki utafifia. Usipige pasi kabla doa halijaisha, maana joto la pasi hulikaza.

Grisi nyeusi ya mashine ina njia yake. Weusi ule ni vumbi la chuma na masizi yaliyoshikwa na mafuta. Paka mafuta ya mise kidogo, kwa kuwa hayana rangi kali kama mawese, sugua taratibu mpaka grisi ilegee, futa kwa kitambaa kikuukuu, kisha fuata hatua zilizotajwa hapo juu. Mafuta huyalegeza mafuta, na sabuni inayabeba yote.

Mambo ya kuogopa

Usifue kwa petroli. Nasema hivi kwa uchungu. Nilipokuwa kijana katika kiwanda kimoja, msimamizi alikuwa akiwarudisha nyumbani wenye nguo chafu, na siku hiyo hailipwi. Mwenzetu mmoja alisugua shati lake kwa petroli usiku, taa ya kibatari ikiwa hatua tatu tu kutoka pale. Mvuke wa petroli hutambaa chini bila kuonekana. Moto ulimfuata yeye. Aliishi, lakini mkono wa kulia haukukunjika tena sawasawa. Aliungua kwa kuogopa kukatwa mshahara wa siku moja.

Usichanganye maji ya javeli na ndimu wala siki. Hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Na javeli haitoi mafuta, inadhoofisha pamba tu.

Tena, anayefua ziwani jioni asiende peke yake. Mamba wapo. Gustave, aliyejulikana duniani kote kwa kula watu, alionekana mara nyingi kati ya mto Rusizi na pwani hii yetu. Na maji ya kunywa yasichotwe mahali pa kufulia, kwani kipindupindu kimezuka Rumonge zaidi ya mara moja.

Nani alipe?

Ndugu zangu, hesabuni. Sabuni, kuni za kuchemshia, saa moja au mbili za jioni. Mara nyingi saa hizo ni za mke, ambaye jina lake halimo kwenye daftari la mishahara. Kwanza basi, wanaume, tushike beseni wenyewe. Doa ni la kazi yako, si la mama watoto.

Pili, tuzungumze na waajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na kwamba mwajiri atoe nguo za kujikinga pale zinapohitajika. Sheria ya kazi ya Burundi ya tarehe 24 Novemba 2020 nayo inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa watu wake.

Hatuombi makubwa. Nguo za kazi jozi mbili, moja ivaliwe nyingine ikauke. Sabuni kila mwezi. Na mahali pa kufulia penye maji ya moto. Hili la mwisho halina gharama kubwa: kiwanda kikubwa kina tanuri la mvuke linalochoma makapi ya chikichi, na hata mkamuaji mdogo ana pipa la kuchemshia. Moto upo tayari kila siku. Kinachokosekana ni bomba na nia.

Katika mkutano ujao wa tawi lenu, lipelekeni jambo hili. Msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja akiomba sabuni huitwa mlalamishi, lakini watu mia wakiiomba pamoja, mwajiri atakaa mezani.

Umoja ni nguvu.