Nukta Zinazoshikilia Bodi ya Gari

Raba ya mlango wa gari ikibanduliwa, chini yake huonekana safu ya vibonyeo vya mviringo, vimepangana kwa nafasi za sentimita chache. Hizo ni nukta za kuchomelea. Gari dogo la kawaida lina nukta kama 4,000 hadi 5,000, na katika viwanda vikubwa karibu zote huwekwa na roboti. Hapatumiki waya wa kuchomelea wala skrubu: mabati mawili au matatu huyeyushwa pamoja kwa umeme. Ila sehemu iliyoyeyuka haionekani. Kibonyeo ni alama tu ya ncha iliyobana. Kiungo chenyewe kimejificha katikati ya mabati, na hapo ndipo ulipo ugumu mkubwa wa kazi hii.

Msingi wake uliwekwa na Elihu Thomson, mzaliwa wa Manchester aliyekulia Marekani, ambaye mwaka 1886 alipata hataza ya kuchomelea kwa umeme. Umeme ukipita penye ukinzani huzaa joto. Mabati mawili yaliyowekwa pamoja yana ukinzani mkubwa pale yanapokutana, kwa kuwa uso wa chuma, hata uwe laini machoni, una vilima na mabonde madogo yanayogusana hapa na pale tu. Koleo lenye ncha mbili za shaba huyabana mabati kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 200 hadi 400, kisha hupitisha umeme wa ampea 8,000 hadi 12,000 kwa muda usiozidi sana moja ya tano ya sekunde. Volti zake ni chache. Shaba hupitisha umeme bila kupata joto jingi, tena maji huzunguka ndani ya ncha kuzipoza. Hivyo joto hukusanyika katikati na kuyeyusha kitone chenye umbo la punje ya dengu, upana wake milimita 5 hivi. Umeme ukikatwa, koleo huendelea kubana hadi chuma kigande. Likiachia mapema, kitone hubaki na nyufa au uwazi ndani.

Kabla ya roboti, makoleo hayo yalining'inizwa juu na kuvutwa huku na huku na wafanyakazi, pamoja na nyaya zake nene na mipira ya maji. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, iliyobuniwa na George Devol na kuingizwa sokoni na Joseph Engelberger, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey. Haikuchomelea, ilitoa vipande vya moto kwenye mashine ya kusubu. Miaka michache baadaye, mwaka 1969, roboti za aina hiyo zilikuwa zikichomelea bodi za magari Lordstown, Ohio.

Haikuwa bahati kwamba zilianzia kwenye nukta. Mkono wa roboti hizo haukuwa na macho. Uliloweza ni kukumbuka mahali, kwenda hapo, kusimama, na kurudia bila kuchoka. Nukta haidai zaidi ya hayo. Kuchomelea mstari mrefu, kama mafundi wa mageti wanavyofanya, kunadai mkono ufuate ufa na kubadili mwendo kila uwazi unapopanuka au kupungua. Roboti zilijifunza hilo baadaye, zilipopata vihisi.

Adui wa nukta ni zinki inayopakwa kwenye bati kuzuia kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, ilhali chuma hungoja hadi karibu 1,500. Zinki iliyoyeyuka huingia kwenye ncha ya shaba na kufanya nayo mchanganyiko ulio dhaifu, na ncha hutanuka taratibu. Umeme uleule ukitawanyika katika eneo pana zaidi, joto hupungua na kitone husinyaa, huku kibonyeo cha nje kikionekana kizuri kuliko awali. Kwa hiyo, baada ya nukta kadhaa, roboti hupeleka ncha zake kwenye kikatio kinachozunguka, zikachongwa upya, kisha hurejea kazini.

Jicho lisipotosha, hutumika njia nyingine. Ya kale ni patasi: bodi hutolewa kwenye mstari wa uzalishaji na kubomolewa. Nukta njema hukataa kuachia, ikang'oa kifungo cha chuma kutoka bati moja; mbovu huachana bila kuacha tundu. Mawimbi ya sauti ya masafa ya juu hupima bila kuharibu. Vidhibiti vya kisasa hufuatilia ukinzani wakati umeme unapita, kwani huo hupanda kadiri chuma kinavyopata moto na kushuka kitone kinapokua, na hurekebisha umeme papo hapo.

Alumini ni habari nyingine. Hupitisha umeme vizuri mno, kwa hiyo hudai ampea nyingi zaidi, na utando wa oksidi ulioifunika hauyeyuki hadi nyuzi 2,000 na ushei. Ford ilipoifanya bodi ya pikapu yake ya F-150 ya mwaka 2015 kuwa ya alumini, ilitegemea zaidi ribiti na gundi. Ribiti hizo hutoboa bati la juu na kutanuka ndani ya la chini bila kutokea upande wa pili.

Katika gereji, fundi wa bodi hutoboa nukta kwa drili, akatenganisha bati lililopondeka, akaweka jipya na kujaza matundu kwa kuchomelea. Kwa chuma laini njia hiyo hufaa. Lakini nguzo za milango za magari mengi mapya ni chuma chenye boroni, kilichofinyangwa kikiwa moto kisha kikapozwa ghafla. Drili ya kawaida huishia kupoteza makali juu yake, na joto la kuchomelea hupunguza nguvu ya chuma hicho, ndiyo maana watengenezaji hukataza nguzo kama hizo kupashwa moto na kunyooshwa, na kutaka zibadilishwe.