Maneno ya bahari katika stesheni za Soin

Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alinijia na swali lililonifurahisha kuliko insha zote nilizosahihisha muhula huu. Alitaka kujua kwa nini nguzo zinazolazwa chini ya reli huitwa mataruma, ilhali neno hilo hajalisikia mahali pengine popote. Nilimwambia awaulize mafundi wa majahazi. Akadhani namfanyia mzaha.

Taruma ni neno la chomboni. Ndio ubao unaokaza kiunzi cha jahazi kisilegee. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, wenyeji wa pwani walitazama kile kinachokaza vyuma viwili visiachane, wakakipa jina walilokuwa nalo tayari, hata pale kilipokuwa cha chuma. Abiria naye alikuwa msafiri wa majini, kwani kuabiri ni kuvuka maji. Nauli ilikuwa malipo ya jahazi kabla ya kuwa bei ya tikiti. Behewa lilikuwa sehemu ya ndani ya nyumba. Gari lilitoka Bara Hindi pamoja na wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kuijenga njia hiyo. Kiingereza kilichangia stesheni, gadi na hiyo tikiti yenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Soin, upande wa Kericho unaoteremka kuelekea bonde la mto Nyando. Kwa Kikipsigis, soin ni nchi ya chini yenye joto, kinyume cha mosop, nchi ya juu yenye baridi ambako chai husitawi. Stesheni iliyokuwa karibu nasi ni Koru. Katika utoto wangu, miaka ya themanini, treni ya abiria iliyoondoka Nairobi jioni ilitupitia asubuhi ikielekea Kisumu, na wazee waliopima saa kwa jua waliipima pia kwa mlio wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona jahazi. Hata hivyo tulitamka nauli, abiria na mataruma kana kwamba tumelelewa ufukweni.

Msomaji aitazame ramani. Njia hiyo hupanda kutoka Nakuru hadi zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari karibu na Mau Summit, kisha ikateremka kwa kupindapinda kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni na Kibigori hadi ziwani. Mabonde ya mteremko huo yalihitaji madaraja marefu ya chuma 27, ambayo yalitengenezwa na kusimamishwa na kampuni ya Kimarekani. Reli ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901. Wengi hucheka kwamba iliitwa Reli ya Uganda ilhali haikuingia Uganda. Wanasahau kuwa nchi yetu hii yote ya magharibi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, ilipohamishwa.

Majina ya stesheni nayo yana kesi yake. Kipkelion iliandikwa Lumbwa kwa miaka mingi. Lumbwa si jina ambalo Wakipsigis walijiita. Ni la Wamaasai, nao walilitumia kwa watu waliolima, si kwa heshima. Wazungu wakalichukua, wakalitia kwenye ramani na kwenye kibao cha stesheni, na kwa muda mrefu taifa zima likajulikana serikalini kwa jina la dharau lililotolewa na jirani. Kibao hicho kiliondolewa, na hilo lilikuwa jambo la haki. Fort Ternan, iliyopewa jina la Trevor Ternan, ofisa wa Kiingereza aliyekaimu ukuu wa utawala wa Uganda, haikuguswa. Wanasayansi wanaijua zaidi kwa mabaki ya viumbe wa miaka milioni 14 hivi iliyopita, aliyoyachimbua Louis Leakey huko katika miaka ya sitini. Mimi nisingelia kama ingebadilishwa jina kesho.

Lakini kinachonihuzunisha ni kingine. Stesheni ndogo kama Koru ilikuwa darasa la Kiswahili kabla shule hazijatosha. Mjaluo aliyeleta samaki, Mkipsigis aliyeleta maziwa, Mkisii mwenye ndizi, mkata miwa wa Muhoroni na karani aliyezaliwa Mombasa hawakuwa na lugha nyingine ya kupatania bei. Kiswahili chao hakikuwa sanifu, nami ningekitia kalamu nyekundu katika mtihani, ila kilikuwa hai. Gari lilipanda kilimani likawa karit katika Kikipsigis, g ikageuka k na kiishio chetu kikaongezwa, kama kawaida ya lugha hiyo.

Baadaye barabara na matatu viliishinda reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja likagawanywa. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni binafsi, mkataba uliofutwa mwaka 2017. Treni ya abiria ya Kisumu ilikatika kwa takriban mwongo mzima, ikarejeshwa Desemba 2021 baada ya njia kukarabatiwa. Nilifurahi. Hata hivyo wachuuzi waliokuwa wakiingoja usiku kucha walikuwa wamekwisha kuhamia barabarani, na baadhi ya waliokuwa magadi walikuwa wamezikwa.

Huko Japani, reli ndogo ya mashambani ya Kurihara, iliyoendeshwa kwa umeme kutoka 1950 hadi 1995, ilifungwa mwaka 2007. Miaka 10 baadaye stesheni yake ya Wakayanagi ilikuwa na makumbusho. Nasi tunayo Makumbusho ya Reli mjini Nairobi tangu 1971, na vichwa vya treni vilivyomo ni vya kupendeza mno. Ila makumbusho ya vyuma hayawezi kumweleza mtoto namna mpanga mabehewa alivyomwita mwenzake gizani, wala tusi alilotupiwa abiria aliyedandia bila tikiti.

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Kipkelion, Muhoroni au Kibigori anaweza kuyapata hayo kwa gharama ya daftari moja. Awatume wanafunzi wa kidato cha tatu kwa wastaafu wa reli wanaoishi jirani, wawaulize kila kitu kiliitwaje: kile cha kubadilishia njia, kile cha kufungia mabehewa, taa ile, bendera ile, na kile kipande cha reli kilichoning'inizwa kikagongwa kuwa kengele. Hicho cha mwisho pengine wataweza kukionyesha wenyewe, kwani shule nyingi bado zinakitumia.