Susan Nolen-Hoeksema

Susan Kay Nolen-Hoeksema (22 Mei 1959 – 2 Januari 2013) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani na profesa katika Chuo Kikuu cha Yale. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu sonona na kuhusu tabia ya mtu mwenye huzuni kurudia mawazo yaleyale bila kufikia uamuzi wowote. Kazi yake ilionyesha kwamba muda ambao huzuni hukaa ndani ya mtu hautegemei tu uzito wa jambo lililompata, unategemea pia jinsi anavyoikabili huzuni yenyewe.

Maisha

Alizaliwa mjini Springfield katika jimbo la Illinois. Alipata shahada ya kwanza Yale mwaka 1982 na shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1986, ambako alishiriki na Martin Seligman katika utafiti wa sonona kwa watoto. Alifundisha Chuo Kikuu cha Stanford hadi 1995, kisha Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 2004 akarudi Yale. Alikuwa mhariri wa kwanza wa jarida la Annual Review of Clinical Psychology, lililoanza kutolewa mwaka 2005. Alifariki akiwa na umri wa miaka 53, baada ya upasuaji wa moyo.

Kucheua mawazo

Neno alilolitumia kwa tabia hiyo lina asili ya Kilatini na lilimhusu kwanza mnyama, kama vile ng'ombe, anayerudisha chakula kinywani na kukitafuna upya. Kwa Kiswahili tendo hilo ni kucheua, na picha hiyo inafaa: mawazo yaliyokwisha kupita yanarudishwa na kutafunwa tena. Tofauti ni kwamba ng'ombe hufaidika na kucheua kwake.

Mfano wa kawaida ni mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Mmoja huumia, halafu baada ya siku chache humwendea mwalimu kuuliza alikosea wapi. Mwingine hujifungia chumbani akijiuliza: kwa nini mimi niko hivi, kwa nini sina nguvu ya kufanya lolote, nitaishia wapi? Maswali hayo yanafanana na kutafuta ufumbuzi, na mwenyewe huamini kwamba anajielewa zaidi. Lakini hayamwelekezi kwenye hatua yoyote. Kila anapoyarudia, huzuni humletea kumbukumbu nyingine za kushindwa, na kumbukumbu hizo huongeza huzuni.

Katika makala alizotoa mwaka 1987 na 1991, Nolen-Hoeksema alipendekeza nadharia ya namna watu wanavyoitikia huzuni. Alidai kwamba wanaocheua mawazo hukaa na sonona kwa muda mrefu zaidi kuliko wanaojishughulisha na jambo lingine kwanza. Kujishughulisha huko hakukuwa na maana ya kukimbia tatizo. Mtu anayetembea, kupika au kucheza mpira mpaka huzuni ipungue hurudi kwenye tatizo lake akiwa na akili tulivu zaidi. Ulevi na vitendo vya hatari aliviweka kando, kwa sababu huzaa matatizo mengine.

Waswahili husema mtu "ana mawazo" wakimaanisha kwamba ana huzuni au wasiwasi, jambo linaloonyesha kwamba uhusiano kati ya kuwaza sana na kuumia moyoni ulijulikana kabla ya maabara. Hata hivyo msemo huo ni mpana kuliko dhana ya Nolen-Hoeksema. Mtu anayewaza namna ya kulipa kodi ya nyumba kesho ana mawazo, lakini huenda anatafuta njia na hacheui.

Tetemeko la Loma Prieta

Ugumu wa kuthibitisha nadharia ya namna hii ni kujua kipi kilitangulia. Mtu mwenye sonona akisema anawaza sana, huenda sonona ndiyo imemfanya awaze. Inahitajika kumpima kabla ya balaa, na hakuna ajuaye balaa litatokea lini.

Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.9 lilipiga eneo la San Francisco na kuua watu 63. Chuo cha Stanford kilikuwa ndani ya eneo hilo, na baadhi ya majengo yake yaliharibika. Ikatokea kwamba siku 14 kabla ya hapo Nolen-Hoeksema alikuwa amewapa wanafunzi 137 dodoso la kupima hali ya hisia zao na namna wanavyoitikia huzuni. Yeye na mwenzake Jannay Morrow waliwapima tena siku 10 baada ya tetemeko, na mara nyingine baada ya wiki 7. Wale ambao tangu mwanzo walikuwa na mazoea ya kucheua mawazo walionyesha dalili nyingi zaidi za sonona na msongo baada ya tetemeko, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo awali. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991, na bado ni kati ya mifano mizuri ya mtafiti aliyejua thamani ya data iliyomwangukia mikononi.

Majaribio na wafiwa

Katika maabara, pamoja na Sonja Lyubomirsky na wengine, aliwagawa watu wenye huzuni katika makundi mawili. Kundi moja lilitumia dakika 8 kuwaza kuhusu hisia zao, nafsi zao na sababu za kuwa walivyo. La pili lilitumia muda huohuo kufikiria vitu vya nje, kwa mfano mawingu yanavyojikusanya angani. Kundi la kwanza liliendelea kuhuzunika au lilizidi, liliona maisha kwa ubaya zaidi, na lilitoa ufumbuzi dhaifu wa matatizo ya kibinadamu. Watu wasio na huzuni waliofanya zoezi lilelile hawakudhurika. Madhara, kwa hiyo, hutoka kwenye kujichunguza kunapokutana na huzuni iliyokwisha kuwapo.

Alifuatilia pia watu waliofiwa na jamaa zao katika eneo la San Francisco. Katika makala ya mwaka 1999, yeye na Christopher Davis walieleza kwamba wafiwa wanaocheua mawazo walitafuta msaada kwa watu wengi kuliko wenzao, na walipoupata uliwafaa zaidi. Lakini waliripoti misuguano mingi na jamaa, na faraja kidogo. Ndugu na marafiki husikiliza mwanzoni, kisha huchoka kusikia jambo lilelile, na mfiwa hubaki na sababu mpya ya kuwaza.

Wanawake na wanaume

Swali lililomsukuma tangu mwanzo lilikuwa kwa nini wanawake hupata sonona takribani mara mbili ya wanaume. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1990, kilihusu suala hilo, na kile cha mwaka 2003 kwa wasomaji wa kawaida, Women Who Think Too Much, kilimfanya ajulikane nje ya vyuo. Tafiti zake zilionyesha kwamba wanawake hucheua mawazo zaidi ya wanaume. Hakulichukulia hilo kuwa udhaifu wa maumbile: alilihusisha pia na mizigo ya kila siku, kama kazi za nyumbani zisizogawanywa sawa na kutothaminiwa, na hisia ya kutokuwa na uwezo juu ya maisha yako. Kwa upande wa wanaume alionya kwamba wengi hukimbilia pombe, njia ambayo huficha huzuni badala ya kuiondoa.

Uchambuzi wa mwaka 2010

Pamoja na Amelia Aldao na Susanne Schweizer alikusanya matokeo ya tafiti 114 kuhusu njia sita za kudhibiti hisia: kukubali, kukwepa, kutatua tatizo, kulitazama tukio kwa jicho jingine, kukandamiza hisia na kucheua mawazo. Walizilinganisha na dalili za sonona, wasiwasi, matatizo ya ulaji na matumizi ya vilevi. Kucheua mawazo kulikuwa na uhusiano mkubwa kuliko njia zote. Kwa ujumla kuwa na njia mbaya kulihusiana na ugonjwa kwa nguvu zaidi kuliko kukosa njia nzuri.

Ukosoaji na marekebisho

Wakosoaji walibaini kwamba baadhi ya maswali kati ya 22 ya dodoso lake yalifanana mno na dalili za sonona, kiasi kwamba uhusiano ulikuwa wa lazima. Mwaka 2003 yeye na wenzake waliyaondoa maswali hayo, na yaliyobaki yakajigawa katika mafungu mawili: kujilaumu na kulinganisha hali yako na ile unayoitamani, na kutafakari kwa lengo la kuelewa. La kwanza lilihusiana na sonona kuongezeka baadaye, la pili na kupungua kwake. Nchini Uingereza Edward Watkins ameunda tiba inayowafundisha wagonjwa kuacha swali la "kwa nini mimi?" na kuuliza jambo lilitokeaje, hatua kwa hatua, na lipi linaweza kufanyika sasa.