Je, Wajua? Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Likizo ya Mfanyakazi wa EPZ

Je, wajua kwamba kwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo katika EPZ (eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje) ya Athi River, Kenya, maandalizi ya upasuaji wa kupunguza uzito yafaa yaanzie kwenye likizo? Sheria ya Ajira ya 2007 humpa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Lakini kabla ya upasuaji huwa kuna takriban wiki 2 za mlo hafifu wa kupunguza ini lililojaa mafuta, ili daktari alifikie tumbo kwa usalama. Baadaye ni vinywaji, vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini, kwa wiki 4 hadi 6, bila kuinua mizigo mizito.

Wapo watakaosema matundu ya upasuaji ni madogo na mgonjwa hutoka hospitalini upesi. Ni kweli, ila kinachopona polepole ni mshono wa ndani, ambao msimamizi wa zamu hawezi kuuona. Ndiyo maana naona siku 21 za likizo ya mwaka ziwekwe akiba mapema, na barua ya daktari iombe kazi nyepesi na ruhusa ya kunywa maji kidogo kidogo. Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote. Viingie kwenye bajeti kabla ya kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji.