Mnyoo wa Jichoni na Dawa ya Matende

Tumeulizwa na wanachama kama ni kweli kwamba mnyoo aweza kutembea katika jicho la mtu. Ni kweli, ila si huku kwetu. Mnyoo huyo huitwa Loa loa, na makao yake ni misitu ya Kongo, Kameruni, Gaboni na nchi za jirani.

Huletwa na nzi wa jamii ya pange, aumaye mchana. Mbu wetu hukimbia moshi wa kuni. Nzi huyu, ajabu yake, huufuata. Mnyoo hukua chini ya ngozi, mwembamba kama uzi, jike akifikia sentimita 4 hadi 7, naye aweza kuishi zaidi ya miaka 10. Mara mkono au kope huvimba siku chache, kisha uvimbe hujiondokea wenyewe. Siku nyingine mnyoo huonekana akipita juu ya weupe wa jicho, chini ya utando wake. Jicho huwasha na kutoa machozi, lakini kwa kawaida halipofuki. Basi asithubutu mtu kumchokora kwa mwiba wala sindano. Kumtoa ni kazi ya daktari, naye hutia ganzi kwanza.

Tunalotaka lishikwe zaidi ni habari ya dawa. Tangu mwaka 2001 watu wa Unguja na Pemba wamegawiwa ivamektini pamoja na albendazoli ili kuondoa matende, na wengi wetu tumezimeza bila taabu. Lakini ivamektini hiyo hiyo, akiimeza mtu mwenye Loa loa wengi, huua vitoto vya mnyoo kwa wingi na kwa ghafula, na mtu huyo aweza kuzimia, hata kufa. Hatari ni kubwa hasa pale mililita moja ya damu inapokuwa na vitoto zaidi ya 30,000. Na mwenye navyo huenda hajijui.

Kwa hiyo mwenzetu yeyote, au jamaa yake, aliyepata kukaa katika misitu ile, na amwambie mgawaji kabla hajameza, ili damu yake ipimwe kwanza. Nasi tuliozoea kutolewa damu ya matende usiku tusishangae yeye akiitwa mchana. Vitoto vya matende hutoka kwenye damu usiku, wakati wa mbu. Vya Loa loa hungojea nzi wao, kati ya saa 4 na saa 8 mchana.